Mtu wa Mkokoteni

2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umekasirika, maana salamu uliyompa wakili aniletee ilikuwa neno moja tu: "Mjinga." Nimeipokea. Mimi ni mzima. Chakula kipo, blanketi lipo, na usingizi upo kwa wale wanaokoroma. Simu haziruhusiwi kabisa, ndiyo maana leo unanisoma kwa kalamu, mtu niliyezoea kukuandikia "nakuja" na "nimefika" tu. Barua wanazifungua mlangoni kutazama kama kuna kitu ndani, lakini hakuna mwenye subira ya kuzisoma. Wametuleta huku mbali kwa sababu mahabusu ya kwetu imejaa, na basi ni saa sita, kwa hiyo usihangaike kuja.

Lililotokea unalijua. Jumamosi ile nilikuwa natoka kushusha mikate ya mwisho, saa kumi na moja na robo, njia ya nyuma ya maghala. Jua likanipiga usoni, nikamgonga yule mama, nikaogopa, nikakimbia na gari. Kesho yake nikaenda kituoni kwa miguu yangu. Nimekiri, na tarehe 22 Machi nitarudishwa huko kusomewa hukumu. Naomba tusilizungumze tena.

Nina ombi, na usinicheke. Timu yetu ya mchezo ina mechi ya ligi kila Jumamosi saa kumi. Tuko watano. Hao wanne hujawahi kuwaona, na mimi pia sijawahi, nawajua kwa sauti tu kwenye spika za masikioni. Kiongozi tunamwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi yake huko aliko. Timu ikipungua mtu mara mbili inafutwa, na Jumamosi iliyopita wamecheza wanne. Hawajui niko wapi na sitaki wajue. Waambie nimesafiri kikazi. Kaa kwenye kiti changu, washa kompyuta, ingia kwa jina langu la mchezoni, Ngao. Neno la siri ni lile jina tulilompa paka wa jirani.

Mchezo ni mmoja lakini una namna kadhaa za kuchezwa, na kila wiki ligi inapanga mbili au tatu. Namna ya kwanza ni Vita ya Makundi. Watano kwa watano, kundi litakalotangulia kuua mara hamsini limeshinda. Ukifa unarudi baada ya sekunde tano. Lakini kila ukifa umewapa wapinzani alama moja, kwa hiyo asiyejua kulenga akae nyuma ya ukuta. Wewe kaa nyuma ya ukuta.

Namna ya pili ni Bendera. Kila kundi lina bendera kwenye ngome yake. Unakwenda kuiba ya wenzenu na kuileta kwenu. Ila haihesabiwi kama bendera yenu wenyewe haipo nyumbani. Hilo watu wengi hulisahau. Wanarudi mbio na ya wenzao, wanajipigia makofi, kumbe yao imeshaondoka zamani.

Nyingine nitakueleza ukishazoea. Nisaidie, dada.

Mdogo wako,
Ngao


8 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu yangu ilikuwa maneno mawili. Wakili kapunguza kwa adabu zake.

Nimecheza. Nimekufa mara ishirini na mbili. Nilikaa nyuma ya ukuta kama ulivyosema, kumbe ukuta una pande mbili na wewe hukunitajia ya pili. Kwenye Bendera niliinyakua bendera ya watu vizuri kabisa, nikakimbia nayo, nikazunguka, nikairudisha ilikotoka, maana kwangu ngome zote ni zile zile. Kinyozi akaniuliza kwa upole kama nimewahi kucheza. Nikamwambia mimi ni dobi wa hospitali, nafua mashuka mia nne kwa siku, aniheshimu. Tangu hapo ananiita Mama Mashuka. Tumeshindwa, lakini tulikuwa watano.

Sasa hilo unalotaka tusilizungumze. Mashuka ya wodi ya mifupa yanapita mikononi mwangu, na mimi nilikwenda kumtafuta mwenyewe. Ni mwalimu mstaafu, mwembamba, mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba na nyonga imevunjika. Nimemwambia mimi ni nani, sikutaka kumfulia mtu kwa kujificha. Akasema tu kwamba mto wake uko chini sana. Nikauinua. Tangu siku hiyo tunaongea kidogo kidogo.

Anasema alilala pale barabarani karibu nusu saa, mpaka mlinzi wa ghala alipotoka kuja kufunga lango. Jumamosi jioni njia ile haina mtu. Halalamiki sana. Ana swali moja tu, na kila nikienda analirudia. Gari lilisimama mbele kidogo. Dereva akashuka, akaja mpaka miguuni pake, akamtazama, kisha akarudi, akapanda, akaondoka. "Angekimbia moja kwa moja ningemwelewa," anasema. "Kamuulize ndugu yako kwa nini alishuka."

Nakuuliza.

Kobe, utingo wako, alikuja Jumapili. Alikaa pembeni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, hata maji hakunywa. Anasema mkewe ana mimba ya miezi saba na miguu imemvimba. Aliniuliza mara tatu kama wewe unakula vizuri. Kijana mwenye huruma, sikujua.

Dada yako


13 Februari

Dada,

Mara ishirini na mbili si vibaya kwa anayeanza. Mimi siku yangu ya kwanza nilikufa thelathini, na nilijiua mwenyewe mara nne kwa bomu langu.

Kinyozi atakuwa amekwambia Jumamosi zijazo kuna namna mpya. Duara ni rahisi. Katikati ya uwanja kuna mduara umechorwa chini. Kundi likiwa na watu wake ndani na wapinzani wako nje, saa yake inahesabu. Wakiwemo wa pande zote mbili, saa inasimama. Hakuna haja ya kuua mtu, kazi ni kukaa ndani tu.

Roho Moja huwezi kuipenda. Ukifa hurudi mpaka raundi iishe. Unabaki unawatazama wenzako wakimalizia. Unaona kila kitu, hata adui aliyejibanza nyuma ya mlango anaowaendea, lakini maiki yako imezimwa na huwezi kuwaonya. Watu wazima wameivunja kibodi kwa sababu ya Roho Moja.

Halafu kuna Mkokoteni, na huu ndio wangu. Kuna mkokoteni umejaa baruti. Kundi moja linausindikiza mpaka kwenye ngome ya wapinzani, kundi jingine linauzuia. Mkokoteni hauendi wenyewe. Unasogea pale tu mtu wa kundi lake anapokuwa kando yake, na akiondoka unasimama, na ukiachwa sana unaanza kurudi nyuma. Lakini kila mchezaji anataka kukimbilia mbele akaue apate sifa, na kando ya mkokoteni hubaki hakuna mtu. Mimi ndiye ninayebaki. Nachukua ile ngao kubwa, nasimama, napigwa, nakufa, narudi, nasimama tena. Kinyozi anasema hajawahi kuona mtu anayeshinda mechi bila kumgusa mtu yeyote.

Mechi ikiisha linatokea jedwali lenye safu tatu: umeua mara ngapi, umekufa mara ngapi, na dakika ulizokaa kwenye kazi, yaani ndani ya Duara au kando ya Mkokoteni. Wajinga hutazama safu ya kwanza. Wewe tazama ya tatu. Majedwali yote ya zamani yamehifadhiwa kwenye ukurasa wangu, na tarehe zake. Fungua yale ya Mkokoteni uone nilivyokuwa nikicheza, utajifunza mengi kuliko kwa kuelezwa na Kinyozi.

Msalimie Kobe. Ukiwa na chochote cha kumsaidia mkewe, msaidie.

Ngao


21 Februari

Mdogo wangu,

Umeniandikia kurasa mbili za mduara na mkokoteni, na neno hata moja la nilichokuuliza.

Roho Moja nimeicheza jana. Nilikufa dakika ya kwanza, kama kawaida, nikabaki natazama. Nilimwona yule adui nyuma ya mlango. Kinyozi alikuwa anaujia mlango ule ule taratibu kabisa, nami napiga kelele chumbani peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Huo mchezo una laana. Nimeuelewa.

Mwalimu hali yake si nzuri sana wiki hii, mguu unamuuma na hataki kuonyesha. Ijumaa nilipokuwa natandika aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Yule dereva aliposimama miguuni pake, yeye alimwambia, "Mwanangu, nishike mkono." Kijana akanyoosha mkono, kabisa, halafu akaurudisha. Ndipo akaondoka. Mwalimu amelia kidogo alipofika hapo, nami nikakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Wewe ni ndugu yangu tumbo moja. Nilikulea kuanzia mama alipotutoka, ukiwa huwezi hata kufunga kamba za viatu. Sijawahi kukuona ukimpita mtu aliyeanguka, sasa hii imekuwaje? Jibu swali la mwalimu, kwa nini ulishuka?

Dada yako


26 Februari

Dada,

Mwambie niliogopa. Nilishuka nisaidie, nikamkuta kimya, nikadhani ameshakufa, akili ikaruka, nikaondoka. Mwambie naomba msamaha. Hilo ndilo jibu, hakuna jingine.

Tafadhali usiende tena wodini. Unajiumiza bure.

Ngao


7 Machi

Mdogo wangu,

Jibu lako sikulifikisha. Umenena umemkuta kimya ukadhani amekufa. Mimi nimekwambia kwenye barua, kwa maneno yangu, kwamba mwalimu aliongea na dereva, na dereva akanyoosha mkono. Maiti haombi kushikwa mkono. Nilisoma barua yako mara tatu nikijiambia labda umesahau kwa hofu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yako imekuwa fupi mno.

Jana kabla ya mechi nilifungua majedwali yako ya zamani, kama wewe mwenyewe ulivyoniagiza. Nilitaka kujifunza huo Mkokoteni, sikuwa na nia nyingine. Nikaanza na ya Desemba. Kweli unacheza vile ulivyosema. Nikaja Januari, tarehe mbili, tisa, kumi na sita. Kisha ishirini na tatu.

Ishirini na tatu Januari ndiyo Jumamosi ile.

Mechi ya kwanza siku hiyo ilikuwa Mkokoteni. Ilichelewa kuanza, imeandikwa hapo hapo: imeanza saa kumi na moja kamili, imekwisha saa kumi na moja na dakika ishirini na nane. Mwalimu amegongwa saa kumi na moja na robo. Ngao: ameua sifuri, amekufa mara kumi na moja, dakika kando ya mkokoteni ishirini na moja.

Nilitafuta kila njia ya kukutetea na huo uongo wako. Nikasema labda mtu mwingine alikaa kwenye kiti chako. Mimi nilikuwa kazini, na wenye ufunguo wa chumba chetu ni mimi na wewe tu. Na ni nani mwingine duniani atakayekufa mara kumi na moja, asimguse mtu, na bado akarudi kusimama pale pale? Mwishoni nikamuuliza Kinyozi, nikajifanya nauliza tu, siku ile alicheza nani. Akasema, "Ngao mwenyewe. Alikuwa anatafuna mkate, tukamwambia azime maiki."

Kwa hiyo hukuwa barabarani. Aliyekuwa barabarani ni mtu mwingine mwenye funguo za gari lako, na mtu huyo nimemkaribisha kiti changu na kumpa maji.

Nimekasirika. Siku arobaini na zaidi nimekwenda wodini kuomba radhi kwa kosa usilolifanya. Nimeinama mbele ya mama wa watu. Nimekosa usingizi nikijiuliza nilikulea vipi ukawa mtu wa namna hiyo. Na wewe ulikuwa umekaa kimya huko, unanifundisha Bendera.

Niambie ukweli wote.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Funga hiyo kompyuta. Toa waya ukutani. Laiti nisingekwambia habari ya majedwali.

Ndiyo, ni Kobe.

Ilikuwa zamu yangu. Nilimwomba bosi ruhusa ya saa mbili nikakataliwa. Mechi ile ilikuwa ya kuamua kama tunapanda au tunabaki, na bila mtu wa mkokoteni wangepotea. Ikabaki safari moja tu ya mikate, maduka matatu. Kobe hana leseni, lakini kwa muda mrefu alikuwa ananiomba nimwachie usukani. Nikampa funguo. Nikamwambia apite njia ya nyuma ya maghala ambako hakuna askari wa barabarani. Unaelewa? Njia ile niliichagua mimi.

Gari limeandikwa jina langu kwenye daftari la kiwanda. Funguo nilimpa mimi. Asiye na leseni nilimpandisha mimi. Kwa nini yeye afungwe na mkewe yuko kwenye mwezi wa mwisho, halafu mimi nilale nyumbani? Aliniangukia miguuni akiomba nimwokoe mpaka mtoto azaliwe. Nikamwambia anyamaze, nitalibeba. Sijalazimishwa na mtu. Kazi yangu ndiyo hiyo, dada, kusimama na kupigwa. Ndiyo pekee ninayoiweza.

Na kuna jambo jingine la siku ile ambalo sijakwambia na sitakwambia. Ukilijua utaona kifungo hiki ni kidogo.

Usimwambie wakili. Ukimwambia, nitasimama mbele ya hakimu niseme umetunga. Nakuapia.

Ngao


14 Machi

Mdogo wangu,

Kobe nimemwona. Nilimkuta kwenye ua wa kiwanda cha mikate anafagia makombo kwenye gari lile lile. Nikamwonyesha karatasi ya jedwali, nimeichapisha. Hakuielewa, lakini alinitazama usoni akaielewa. Akakaa chini pale pale kwenye mlango wa gari. Anasema atajisalimisha mtoto akizaliwa. Nikamuuliza, mtoto akizaliwa, si utasema tusubiri mpaka atembee? Akalia. Nikamwacha. Simchukii kama nilivyotarajia, na hilo linaniudhi.

Ningeweza kumpa wakili karatasi hii leo. Sijampa. Usidhani nimetishika na kiapo chako. Wewe ukisimama ukasema si kweli, watakuamini wewe, maana anayejikaanga mwenyewe hakuna anayemshuku. Karatasi bila mdomo wako haina kazi. Naona kila kitu na sauti sina. Sihitaji kukueleza hiyo ni namna gani ya mchezo.

Unasema unabeba. Mimi sioni ulichobeba. Mwalimu bado yuko kwenye kamba. Aliyemgonga anafagia makombo. Mimi niko peke yangu na sufuria ya watu wawili. Ulinifundisha mwenyewe kwamba bendera ya wenzenu haihesabiwi kama ya kwenu haipo nyumbani. Unamkimbilia mke wa Kobe, na kwako wewe hupo.

Na kuna kitu umemnyima yule mama ambacho hakuna mwingine anayeweza kumpa. Yeye haombi mtu afungwe. Anauliza swali. Kila siku analiuliza, na wewe umekaa kwenye nafasi ya mtu anayelijua jibu, kwa hiyo mwenye jibu haulizwi. Akifa na swali lake, nani atakuwa amemuua mara ya pili?

Sitakulazimisha. Ila sitakubebea tena uongo wako. Mwandikie wewe. Barua ipitishe kwangu, nitaifikisha bila kuifungua. Ukitaka kumdanganya, mdanganye kwa mkono wako mwenyewe, mtu mwenye nyonga iliyovunjika.

Hilo jambo jingine unaloogopa kuniambia, mwambie yeye. Mimi nitakupenda hata hivyo. Nilikufunga kamba za viatu.

Dada yako


18 Machi

Kwa Mwalimu, wodi ya mifupa,

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mdogo wake yule dobi. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Dada yangu anasema una swali moja, kwa nini dereva alishuka, akakutazama, akanyoosha mkono, kisha akaondoka. Nimejaribu kulijibu nikashindwa, kwa sababu sijui. Si mimi niliyeshuka. Sikuwepo.

Saa ile nilikuwa nyumbani nacheza mchezo wa kompyuta. Ilikuwa zamu yangu ya kuendesha, nikampa funguo mwenzangu asiye na leseni ili nisikose mechi. Mechi yenyewe ni ya kulinda mkokoteni. Si mkokoteni wa kweli, ni wa kuchorwa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando yake nisiuache. Ulipokuwa unagongwa, nilikuwa nimesimama hapo. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jingine, na hili sijamwambia mtu, hata dada yangu.

Mwenzangu alipokugonga hakukimbia kujificha. Alikuja kwangu. Sisi tunakaa dakika kumi tu kutoka pale kwa gari. Aliingia bila kubisha, jasho linamtoka, akaita jina langu. Mechi ya pili ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nilimwinulia mkono hivi, bila kugeuka, kumwambia subiri. Akasubiri. Ni kijana anayenisikiliza sana, mimi ndiye niliyemtafutia kazi. Alisimama nyuma ya kiti changu kimya dakika nane mpaka nilipomaliza. Nilipogeuka nilikuwa nacheka, kwa sababu tulikuwa tumeshinda. Ndipo aliponiambia. Tulipotoka mbio kuja huko, tulimkuta mlinzi wa ghala na watu wameshakuzunguka, na tukageuza gari.

Nadhani alikuja kwangu ili mimi nijue la kufanya. Nadhani hata aliposhuka akakutazama, alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia afanye nini, na mtu huyo ni mimi, na mimi nilikuwa na kazi. Lakini hayo ni mawazo yangu. Ukweli ataujua yeye.

Nilikiri kwa sababu ya zile dakika nane. Niliona ni afadhali nifungwe kwa kukugonga kuliko kumwambia mtu yeyote kwamba ulikuwa umelala chini na mimi nimeinua mkono.

Siombi msamaha kwa barua. Nimejibu ninachokijua tu.

Ngao


21 Machi

Kwa Ngao,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea dada yako kwa sauti, maana alikuwa amesimama na mashuka mkononi anajifanya hasikii. Amelia, kisha amekutukana, kisha ameniomba radhi kwa kukutukana mbele yangu. Nimemwambia aendelee.

Nilifundisha miaka thelathini na moja. Katika kila darasa kulikuwa na mtoto mmoja wa kusema "ni mimi" kabla hata sijauliza. Walimu wengine waliwapenda watoto hao. Mimi walinichosha, kwa sababu mwenye kosa alikuwa anatoka darasani bila kujifunza chochote, na huyo wa "ni mimi" naye pia.

Zile dakika nane nilizihesabu kwa njia yangu. Kulikuwa na bomba linavuja karibu na kichwa changu, nikawa nahesabu matone. Sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Siku nikikusamehe utasikia kwangu mwenyewe, hutaletewa salamu.

Lakini swali langu si lako, na nashukuru umelirudisha. Nitamuuliza mwenyewe. Uso wake niliuona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Kwa kuwa wewe ulikiri, hakuna aliyekuja kunionyesha sura ya mtu. Jana nimemwita mpelelezi na nimemwambia anionyeshe. Kabla hajafika kwa Kobe, ambaye dada yako alinitajia jina, Kobe alikuwa amekwenda kituoni, asubuhi, akiwa na mkewe. Sijui alikwenda kwa miguu yake au kwa miguu ya mkewe. Nimeambiwa mwanamke yule ndiye aliyekuwa anaongea.

Wakili ana barua yako, nimempa mimi, na hii yangu atakupa mkononi kabla hujaingia mahakamani. Kesho utaulizwa, na usiseme zaidi ya ulichoniandikia wala pungufu. La funguo utalijibu, na utaadhibiwa kwa hilo, na itakuwa haki.

Daktari amenitoa kwenye kamba. Nimeomba nipelekwe mahakamani kwa kiti cha magurudumu. Ni mitaa mitatu tu kutoka hospitali, lakini kuna mlima mdogo, na breki za kiti hiki zimekufa, mtu akikiacha kinarudi nyuma. Dada yako ameomba ruhusa kazini. Anasema atakuwa kando ya kiti njia nzima, hataenda mbele wala hatabaki nyuma, na kwamba wewe utaelewa.

Mwalimu